Kasi ya Intaneti Ifakara: Bonde Lililozoea Kupimwa Sasa Lipime Lenyewe

Ukitafuta bonde la Tanzania ambalo watu wake wamezoea kupimwa, utaishia Kilombero. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy, mtafiti wa Kiswisi, alifungua maabara ndogo Ifakara, na tangu hapo wenyeji wamechomwa vidole, wamehesabiwa, wameulizwa kama jana walilala ndani ya chandarua au nje. Ile maabara ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto wa Idete walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66. Mwaka 1996 ukaanza ufuatiliaji wa kaya katika Kilombero na Ulanga: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Ukifika Kining'ina, nje kidogo ya mji, utakuta majumba ya nyavu ambamo mbu wanafugwa ili watazamwe wanavyoishi.

Kwa hiyo inashangaza kwamba kitu ambacho nyumba nyingi za Kibaoni, Viwanjasitini na Lipangalala zinakitolea hela kila wiki hakipimwi na hao wanaokilipia. Intaneti ya nyumbani Ifakara ina vipimo viwili tu: "iko poa" na "inasumbua". Mbu wa kijiji cha Lupiro ana kumbukumbu nzuri kuliko bando lako. Yeye akinaswa, inaandikwa nyumba aliyonaswa, usiku gani na aina yake.

Watafiti wa mbu wanatufaa hapa kwa sababu moja. Mtego wa taa hutundikwa karibu na kitanda chenye chandarua, mtu akiwa amelala ndani, na asubuhi mbu walionaswa wanahesabiwa. Usiku wa leo mtego unaweza kutoka karibu mtupu, kesho ukajaa. Mvua, upepo, mbalamwezi na ng'ombe aliyefungwa nyuma ya nyumba vyote vinabadilisha hesabu. Ndiyo maana hakuna mtafiti anayechukua hesabu ya usiku mmoja katika nyumba moja akatangaza kwamba hivi ndivyo mbu walivyo bondeni. Anarudia, usiku baada ya usiku, nyumba baada ya nyumba, kwa utaratibu uleule. Anayebonyeza kitufe cha kupima kasi mara moja, akaona namba, akaikata picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp akilalamika, amehesabu mbu wa usiku mmoja.

Sisi wenyewe tumechangia uzembe huu. Aprili 2021 kanuni mpya za vifurushi za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zilipoanza kutumika, kampuni za simu zilitoa bei mpya na nchi nzima ikalipuka. Serikali ikasitisha mabadiliko hayo upesi. Kelele zote zile zilihusu jambo moja: GB ngapi kwa shilingi ngapi. Sikumbuki bango wala kikatuni kilichouliza hizo GB zinaingia kwa mwendo gani. GB 10 zinazochuruzika na GB 10 zinazomiminika zina bei ileile kwa wakala, na sisi tunajiunga bila kuuliza. Aliyezoea kununua mchele kwa kilo anajua pia kuuchambua aone chenga. Kwenye bando hatuchambui.

Kasi ndogo inauma zaidi kwa anayefanya kazi kuliko kwa anayejiburudisha. Ingia katika steshenari yoyote ya Ifakara msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Mwombaji anatakiwa kupandisha cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na fomu zilizosainiwa, kila kimoja kikiwa kimeskaniwa. Ukurasa unazunguka, unakwama, unamtoa nje, anaanza upya, na foleni nyuma yake inaongezeka. Au mkandarasi mdogo anayetafuta kazi ya kujenga kalavati: tangu 2023 zabuni za umma zinapita kwenye mfumo wa NeST, na saa ya mwisho ikifika mfumo umefunga. Wote hawa wanahitaji kupandisha mafaili, nayo ndiyo namba ambayo matangazo hayaitaji. Namba kubwa ya kwenye mabango ni ya kupakua. Ya kupakia huwa ndogo, mara nyingi ndogo sana, na mtu huigundua siku ya mwisho ya maombi.

Tufanye hesabu, maana hapa hata mafundi hujichanganya. Kasi huandikwa kwa megabiti kwa sekunde. Mafaili na bando huandikwa kwa megabaiti na gigabaiti. Baiti moja ni biti 8. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde, ikienda sawasawa, inaleta megabaiti 1.25 tu kila sekunde. Filamu ya MB 700 itachukua dakika 9 na sekunde 20, si sekunde 70 kama anavyotarajia aliyesahau kugawanya kwa 8. Yule mkandarasi mwenye faili la MB 30, kasi yake ya kupakia ikiwa megabiti 4 kwa sekunde, atamaliza kwa dakika moja. Ikiwa megabiti 0.4, atakaa dakika 10, na umeme ukikatika dakika ya tisa anaanza mwanzo.

Kwa burudani mahitaji ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Netflix yenyewe inasema megabiti 3 kwa sekunde zinatosha picha safi ya kawaida, na 5 kwa picha safi zaidi. Simu ya sauti ya WhatsApp haifiki hata sehemu ya kumi ya megabiti. Mtazamo wangu ni kwamba nyumba ya watu watano pale Mlabani haina kazi na megabiti 100. Inahitaji 10 zisizoyumba, na 3 au 4 za kupakia. Muuzaji atakayekuahidi 50 zinazofika saa 10 alfajiri na kuanguka hadi 2 saa 2 usiku amekuuzia alfajiri.

Sasa tuingie kwenye kupima. Programu zote za kupima kasi zinafanya jambo lilelile kwa mitindo tofauti. Simu au kompyuta yako inafungua mawasiliano na seva fulani, seva inamwaga data isiyo na maana yoyote kwa sekunde kadhaa, kifaa kinahesabu kilichofika. Kisha mambo yanageuzwa, wewe unamwaga seva inahesabu. Speedtest ya Ookla, iliyoanza 2006 na ndiyo wengi wanaijua, hutafuta seva iliyo karibu na kufungua njia kadhaa kwa mpigo ili kuujaza mtandao wako wote. Fast.com ni ya Netflix, ilitoka Mei 2016, na inapima kwa kutumia seva zilezile za Netflix, hivyo inakuonyesha kasi ambayo video ingekufikia kwayo. Inatoa namba moja kubwa, na kuona ya kupakia lazima ubonyeze maelezo zaidi. Kipo pia kipimo cha M-Lab, mradi ulioanzishwa 2009 na Google, watafiti wa vyuo na wengine, ambacho hutumia njia moja tu, na matokeo yake huwekwa wazi kwa yeyote duniani kuyachambua. Wazi kwa maana ya wazi kweli: hata anwani ya mtandao uliyotumia inaingia kwenye kumbukumbu. Asiyependa hilo atumie kingine.

Ukipima kwa vyote vitatu ndani ya robo saa ukapata majibu matatu, hakuna aliyekudanganya. Njia nyingi kwa mpigo huficha udhaifu ambao njia moja huufichua: data kidogo ikipotea njiani, njia moja hupunguza mwendo na kuchukua muda kurudi, wakati zile nyingi zinabebana. Anayefungua ukurasa mmoja wa serikali anafanana zaidi na kipimo cha njia moja. Anayepakua mchezo mkubwa wa kompyuta anafanana zaidi na kile cha njia nyingi.

Kabla hujabonyeza, jua kwamba kipimo nacho kinakula bando. Kwa kasi ya megabiti 20, sekunde 10 za kupakua zinamaliza MB 25, bado kupakia. Kwa megabiti 100 ni MB 125 kwa zile sekunde 10. Kadiri mtandao ulivyo mzuri ndivyo kuuhakiki kunavyogharimu, jambo ambalo waliobuni programu hizi, wakiwa na intaneti za kulipia kwa mwezi bila kikomo, hawakulazimika kuliwaza.

Kisha kuna suala la seva iko wapi. Kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Mwanga ndani ya faiba unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kwenda Dar na kurudi, kwa hesabu ya fizikia peke yake, ni milisekunde 4 au 5. London iko kilomita 7,500 hivi kwa mstari ulionyooka: milisekunde 75 kwenda na kurudi hata kama kebo ingenyooka, na kebo za baharini hazinyooki. Kabla ya SEACOM kuzinduliwa Julai 2009, Tanzania haikuwa na kebo ya namna hiyo. Mawasiliano ya intaneti yalipanda kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 angani, na kila swali na jibu lake lilichukua karibu nusu sekunde hata kabla seva haijafikiri. EASSy ilifuata 2010.

Jumapili ya Mei 12, 2024 kebo hizo mbili, SEACOM na EASSy, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazimika au kukokota nchi nzima. Siku kama ile inafundisha kitu kuhusu upimaji. Kwa kawaida programu huchagua seva ya Dar es Salaam, kwa kuwa ndiyo ya karibu. Kipande cha Ifakara hadi Dar kikiwa kizima, seva ya Dar inaweza kukupa namba ya kujivunia huku barua pepe haifunguki, kwa sababu barua pepe yako haikai Dar. Kwa hiyo pima mara mbili. Kwanza kwa seva ya Dar, uone hali ya kipande cha nyumbani. Kisha badilisha seva mwenyewe, Ookla inaruhusu, chagua Nairobi, Johannesburg au Ulaya, uone hali ya njia ndefu. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo itakayokuambia tatizo liko bondeni au baharini. Mambo mengi tunayoyafungua, video hasa, huwa yamehifadhiwa kwenye seva zilizo karibu na sisi, ndiyo maana YouTube inaweza kucheza vizuri wakati tovuti ya chuo cha nje inakataa.

Bonde lenyewe lina tabia zake. Kaskazini-magharibi imesimama milima ya Udzungwa, kilele chake cha Luhombero kikifika mita 2,576. Kusini-mashariki kuna milima ya Mahenge. Katikati ni uwanda wa mafuriko, tambarare, wenye makazi yaliyojipanga kufuata barabara na reli ya TAZARA kutoka Mang'ula kupitia Ifakara hadi Mbingu, Mngeta na Mlimba. Tambarare ni nzuri kwa mawimbi ya simu, lakini nyumba iliyojibana chini ya mlima huko Mang'ula inaweza kuwa na mlima wote kati yake na mnara. Mawimbi ya masafa ya chini husafiri mbali na kupenya ukuta. Ya masafa ya juu hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. Kampuni za simu zilinunua masafa mapya katika mnada wa TCRA wa Oktoba 2022, na Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini nchini kote. Mnara ukisimama kijijini watu wanashangilia alama za mtandao kujaa, na wana haki ya kushangilia. Ila zile alama, pamoja na hayo maandishi ya 4G kwenye kioo, zinaeleza tu kwamba simu yako inasikilizana na mnara. Hazielezi mnara unasikilizana vipi na dunia, wala watu wangapi wanaugawana.

Hapo kwenye kugawana ndipo wengi wanapoumia. Nyumba nyingi za Ifakara hazina faiba. Zina ruta yenye laini ya simu ndani yake, au mifi, au hotspoti ya simu ya mzazi. Wote walio upande mmoja wa mnara wanakula sahani moja ya data. Saa 10 alfajiri wanaokula ni wachache. Saa 2 usiku, na hasa Simba na Yanga wakiwa uwanjani na nusu ya mtaa ikitazama kwenye simu, kila mmoja anapata tonge. Kasi inayotangazwa ni kilele cha siku njema, na kipimo cha mchana wa Jumanne hakikuambii lolote kuhusu Jumamosi jioni. Masika huongeza lake: minara mingi ya vijijini inaunganishwa kwa maikrowevu, mnara kwa mnara, na mvua nzito ikishuka katikati yake mawimbi yanadhoofika. Umeme ukikatika muda mrefu na betri za mnara zikachoka, hapo hakuna cha kupima.

Lakini sijawaacha watumiaji. Sehemu kubwa ya malalamiko ya kasi, nathubutu kusema, huzaliwa ndani ya nyumba ya mlalamikaji. Ruta imewekwa nyuma ya televisheni, au juu ya friji, au ndani ya kabati la vioo lenye kufuli kwa kuogopa watoto. Kuta ni za tofali la kuchoma, dirisha lina nondo, paa ni bati. Bati ni adui mkubwa wa ruta ya laini: mawimbi ya mnara yanapaswa kuingilia dirishani kwa kuwa juu hayapiti. Isogeze ruta kwenye dirisha linaloelekea mnara, iinue, uangalie tofauti. Kisha mawimbi ya waifai yenyewe: ruta nyingi zina mawili, la gigahezi 2.4 linalofika mbali lakini polepole na kuingiliwa na ya majirani, na la 5 linalokwenda kasi lakini halipendi ukuta. Simu ya zamani inajua la kwanza peke yake. Ukipima kwa simu hiyo ukiwa chumba cha tatu kutoka kwenye ruta, umepima simu na kuta zako. Laini uliyoinunua hujaigusa.

Dawa ni waya. Chukua kompyuta, ichomeke kwenye ruta kwa waya wa mtandao, zima waifai, ondoa vifaa vingine vyote, pima. Hicho ndicho kipimo cha laini. Baada ya hapo pima kwa waifai ukiwa palepale, kisha chumbani, kisha barazani. Namba ya waya ikiwa nzuri na ya chumbani mbovu, usimpigie mtoa huduma, sogeza ruta. Angalia pia nani anakula kwa siri: Windows inayojisasisha, picha zinazojihifadhi Google, WhatsApp inayotunza kumbukumbu zake usiku. Kama unatumia VPN, izime wakati wa kupima, kwani inaizungusha njia yako kwenye nchi nyingine kabla ya kufika uendako.

Kuna namba ya tatu ambayo programu huionyesha pembeni kwa maandishi madogo, nayo ndiyo ninayoitazama kwanza: muda wa kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Wenyeji wa Ifakara watanielewa nikisema kivuko. Kabla ya Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, kufunguliwa Mei 2018, mto Kilombero ulivukwa kwa kivuko. Kivuko kilibeba mabasi na malori, kwa hiyo mzigo uliovuka kwa siku haukuwa mdogo. Ila mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko kutoka ng'ambo alisubiri kivuko kirudi kama gunia la mpunga lilivyosubiri. Mtandao unaweza kuwa na megabiti nyingi na bado ukawa na subira ya kivuko, na simu ya video itakwama, na ukurasa unaohitaji maswali na majibu thelathini ya haraka utachukua muda mrefu kufunguka.

Ubaya zaidi, subira hiyo huongezeka mtandao unapotumika. Mwaka 2010 mhandisi wa Marekani Jim Gettys aligundua kwamba akipandisha faili kubwa kutoka nyumbani kwake, mambo mengine yote ndani ya nyumba yalisimama. Chanzo kilikuwa ruta na vifaa vya njiani vyenye hifadhi kubwa mno: badala ya kukataa data iliyozidi, vilikuwa vinaipanga foleni ndefu, na simu ya sauti ikajikuta nyuma ya foleni hiyo. Ndiyo maana mtoto akituma video ya harusi, kikao cha mama yake cha mtandaoni kinaanza kukatakata hata kama bando ni kubwa. Programu za kupima siku hizi huonyesha subira wakati mtandao umetulia na wakati umejaa. Ikiwa 40 ikitulia na 900 ikijaa, umeshapata jibu, na kuongeza bando hakutasaidia. Tafuta kwenye mipangilio ya ruta sehemu ya kugawa vipaumbele, au punguza kasi ya juu ya kupakia kwa kifaa kinachozidisha.

Turudi kwa wahesabu mbu, maana sasa tunajua cha kuandika. Chukua daftari la kawaida. Wiki moja, mara tatu kwa siku, saa zilezile: alfajiri, mchana, na kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Waya kama upo. Kama haupo, kifaa kilekile, mahali palepale, programu ileile, seva ileile. Andika tarehe, saa, kupakua, kupakia, subira, hali ya hewa, na kama umeme ulikuwepo. Usifute matokeo mabaya kwa kuona yamekosewa, na usipime mara nyingi zaidi pale unapokasirika, kwani daftari litajaa hasira zako na jioni zitaonekana mbovu kuliko zilivyo. Mwisho wa wiki usitafute wastani wa jumla. Tafuta wa alfajiri peke yake na wa usiku peke yake. Vikiachana mbali, msongamano ndio unaokusumbua. Vikiwa vibaya vyote, ni laini, ruta, au mnara.

Ujerumani imeufanya utaratibu wa namna hii kuwa sheria. Tangu Desemba 2021 mteja wa intaneti ya nyumbani huko anaweza kudai apunguziwe malipo au avunje mkataba ikiwa kasi hailingani na aliyoahidiwa, na ushahidi unaokubalika ni vipimo 30, vilivyofanywa katika siku tatu tofauti, 10 kila siku, kwa waya, kwa programu ya mdhibiti mwenyewe. Uingereza, kupitia mwongozo wa mdhibiti wake Ofcom ambao kampuni zimeukubali kwa hiari, mteja huelezwa kasi ya chini anayohakikishiwa kabla hajasaini, na ikishindikana kurekebishwa ndani ya siku 30 anaweza kuondoka bila faini. Tanzania ina kanuni za ubora wa huduma za mwaka 2018 na TCRA hupima mitandao na kuchapisha takwimu zake. Ninachokitaka mimi ni kidogo: bando la nyumbani liandikwe kasi ya chini, siyo ya juu, na matokeo ya TCRA yafike ngazi ya halmashauri, ili Mlimba isijifiche ndani ya wastani wa Morogoro Mjini.

Mpaka hapo daftari lako ndilo kanuni yako. Lalamiko linaanza kwa mtoa huduma, na uombe namba ya lalamiko, usikubali kuondoka na maneno matupu. Asipokusaidia, linakwenda TCRA, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa kwa sheria ya TCRA ya 2003 kuwasemea watumiaji. Mhudumu atakuambia uzime ruta uwashe. Zima, washa, pima tena, andika saa. Atakuuliza uko mtaa gani, unatumia kifaa gani, tatizo lilianza lini, linakuwepo muda wote au jioni tu. Maswali hayo manne ndiyo yanayomwangusha mlalamikaji wa kawaida. Wewe utakuwa unasoma majibu kwenye daftari, na huyo mhudumu atalazimika kukuunganisha na fundi.

Kuhusu bando la kupimia, wengi tunabakiwa na MB zinazokufa usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kifurushi. Hizo zitumie kupima kwa seva za mbali, Nairobi na Ulaya, ambazo si lazima zipimwe kila siku. Vile vipimo vitatu vya kila siku kwa seva ya Dar vitengee MB zake mwanzo wa wiki, kabla vijana wa nyumbani hawajajua kuna bando jipya.